Mawe Nayo Yana Wenyewe

Ndugu msikilizaji, kila ninapogusia mambo ya kale katika mazungumzo haya ya kila wiki, hunifikia swali lile lile: Je, mawe yatatulisha? Vijana hawana kazi, bei ya unga inapanda, nauli ya daladala inapanda, na wewe mtangazaji unatuletea habari za mapango na magofu! Swali hilo si la kubeza. Huulizwa na baba mwenye watoto wanne, na huulizwa vile vile na waziri na mkurugenzi wa kampuni. Wiki hii nataka tulijibu, lakini kwa kuazima kisa cha nchi tajiri isiyojua foleni ya unga. Nchi hiyo ni Australia. Nayo iliulizwa swali hilo hilo, na jibu ililolitoa linaigharimu hadi leo.

Tuanze na mahali penyewe. Kaskazini magharibi mwa Australia kuna rasi inayochomoza ndani ya Bahari ya Hindi, bahari hii hii inayopiga kingo za Kunduchi na Kilwa. Wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao tumezoea kuwaita Waaborijini, wanapaita Murujuga. Maana yake ni mfupa wa nyonga uliochomoza, na ukiitazama ramani utaona kwamba aliyelitoa jina hilo alikuwa na macho. Wazungu walipokuja wakapaita Burrup, jina lililotokana na karani mmoja wa benki. Funguvisiwa lote linaloizunguka wakaliita Dampier, kwa jina la William Dampier, baharia wa Kiingereza aliyefika huko mwaka 1699. Dampier huyo, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1697 baada ya safari yake ya kwanza, aliwaeleza watu wa pwani ile ya kaskazini magharibi kwa dharau kubwa, kama watu duni wasio na chochote.

Laiti angejua walichokuwa nacho! Murujuga ni vilima vya mawe yenye rangi ya kutu, yamerundikana juu kwa juu kana kwamba lori limeyamwaga. Juu ya mawe hayo kuna michoro ya kuchonga inayokadiriwa kuzidi 1,000,000. Kuna kangaruu, kasa, samaki, ndege na nyayo. Kuna watu waliopangana kama wanaokwea, na kuna nyuso zenye macho makubwa ya mviringo zinazokutazama kama mtu anayekusaili umetoka wapi.

Naomba usikilize vizuri namna michoro hiyo ilivyotengenezwa, maana baadaye tutalihitaji jambo hili. Jiwe la Murujuga ndani lina rangi iliyopauka. Juu yake kuna ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia, iliyojengeka kwa madini ya chuma na manganizi katika muda wa maelfu ya miaka. Mchongaji alichukua jiwe jingine gumu, akaigonga ngozi ile tone kwa tone mpaka rangi ya ndani ikajitokeza kwa umbo alilolitaka. Hakupaka rangi yoyote. Kwa hiyo picha ni ngozi ya jiwe yenyewe, na siku ngozi ikiharibika, picha imekwenda.

Na umri je? Wataalamu wanakadiria kwamba michoro ya mwanzo inaweza kufikia miaka 50,000. Piramidi kubwa za Misri, ambazo tunaziona za kale mno, zina miaka kama 4,500. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani una miaka kama 1,000 tu. Katika zama za baridi kuu, maji mengi ya dunia yalipokuwa barafu, bahari ilikuwa zaidi ya kilometa 100 kutoka pale, na Murujuga ilikuwa vilima vya bara. Wachongaji wa enzi hizo walichonga wanyama wa nchi kavu. Bahari ilipopanda na kufika hapo, yapata miaka 7,000 au 8,000 iliyopita, samaki na kasa wakajaa mawe. Yupo pia mnyama aitwaye thylacine, mwenye umbo la mbwa na milia mgongoni, ambaye jike lake hubeba mtoto katika mfuko kama kangaruu. Alitoweka Australia bara yapata miaka 3,000 iliyopita, na wa mwisho anayejulikana alikufa mwaka 1936 katika bustani ya wanyama ya mji wa Hobart, kisiwani Tasmania. Pale Murujuga bado yupo, anatembea juu ya jiwe. Watu waliodhaniwa hawana chochote walikuwa na kumbukumbu ya bahari ilivyokuja na ya wanyama walivyokwenda.

Sasa tuwatazame wenye mawe. Rasi ile na visiwa vyake ilikuwa nchi ya watu waitwao Wayaburara. Mwezi Februari mwaka 1868 askari polisi mmoja alimkamata Myaburara kwa tuhuma ya kuiba unga. Naam, msikilizaji, ni unga huo huo tunaoulilia sisi. Wenzake walikuja kumkomboa, na katika purukushani hiyo askari, msaidizi wake Mwaborijini na mzungu mmoja mtafuta lulu wakauawa. Mkuu wa serikali katika mji wa Roebourne akaapisha raia kuwa askari wa muda, wakagawanyika makundi mawili, moja likapita nchi kavu na jingine majini. Waliowaua walikuwa wangapi? Hesabu zinatofautiana mno: kuna zinazotaja 15, nyingine 60, nyingine hata 150. Mauaji hayo yanajulikana kama mauaji ya Flying Foam, na kizazi cha majirani na jamaa wa waliouawa hukumbuka msiba huo kila tarehe 17 Februari.

Wayaburara walikaribia kufutika. Waliobaki walitunzwa na majirani zao Wangarluma, Wayindjibarndi, Wamardudhunera na watu wa Wong-Goo-Tt-Oo, na majirani hao ndio wakaurithi ulinzi wa mahali pale. Lakini kwa karibu miaka 100 iliyofuata, rasi ilionekana kwa macho ya mgeni kama pori lisilo na mwenyewe. Mawe yalikuwepo, aliyeweza kusema "haya ni yetu" alikuwa amenyamazishwa. Naomba ushike jambo hilo, kwa sababu yote yaliyofuata yanatoka hapo.

Katika miaka ya 1960 ikajengwa bandari ya kusafirisha madini ya chuma, na shehena ya kwanza ikaondoka mwaka 1966. Yakafuata mabwawa ya chumvi, na katika miaka ya 1980 mtambo mkubwa wa gesi asilia iliyochimbwa baharini, ambayo tangu mwaka 1989 ilianza kusafirishwa kwa meli kwenda Japani. Baadaye vikaja viwanda vya mbolea na vya kemikali za baruti ya migodini. Kila mradi ulihitaji uwanja, na kila uwanja ulikuwa na mawe yenye michoro. Mengine yalisagwa na katapila. Mengine, yapatayo 1,800, mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalinyanyuliwa kupisha mtambo wa gesi, yakapelekwa kwenye ua uliozungushiwa seng'enge. Huko yakakaa kwa miongo.

Waliofanya hivyo walidhani wanaokoa. Mimi nilisomea uandishi wa habari, sikusomea uchimbuaji wa mambo ya kale. Lakini katika somo la kwanza kabisa tulifundishwa kwamba habari ina maswali yake: nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Habari isiyo na "wapi" mhariri hukurudishia. Mchoro wa kasa unaoelekea kwenye kisima ni habari. Mchoro huo huo ukiwa ndani ya ua, umelazwa ubavu kati ya mawe mengine 1,800, umenyang'anywa "wapi" yake. Hauwezi tena kusema maji yako upande gani, wala wimbo gani uliimbwa mtu alipopita hapo. Ni kama kung'oa kurasa za kitabu, kuzihifadhi vizuri sana ndani ya gunia, kisha kujisifu kwamba hakuna hata moja iliyopotea.

Mtu atauliza: kwani hawakuwa na sheria? Walikuwa nayo. Mwaka 1972 jimbo la Australia Magharibi lilipitisha sheria ya kulinda urithi wa Waaborijini. Ni mwaka huo huo ambapo UNESCO ilipitisha mkataba wa Urithi wa Dunia. Lakini ndani ya sheria ile ya jimbo kulikuwa na kifungu cha 18. Kifungu hicho kilisema mwenye ardhi, na mwenye leseni ya kuchimba madini alihesabiwa kuwa mwenye ardhi, akitaka kutumia eneo lenye urithi aombe kibali kwa waziri. Waziri akisaini, kuharibu kunakuwa halali. Kampuni isiporidhika na uamuzi ilikuwa na mahali pa kukata rufaa. Wenyeji hawakuwa na pa kwenda. Kwa maneno mengine, sheria ya kufunga mlango ndiyo iliyotoa ufunguo, na ufunguo wenyewe ukapewa anayetaka kubomoa.

Matunda ya kifungu hicho dunia iliyaona tarehe 24 Mei 2020, mahali paitwapo Juukan, bara katika eneo lile lile la Pilbara lenye utajiri wa chuma. Hapa hapakuwa na michoro iliyoleta sifa. Palikuwa na mapango yaliyokaliwa na binadamu tangu miaka 46,000 iliyopita. Ndani yake uliwahi kupatikana msuko wa nywele wenye umri wa miaka 4,000, na vipimo vya nasaba vikaonyesha kwamba wenye nywele zile walikuwa jamaa wa Waaborijini wanaoishi eneo hilo sasa, watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura. Sisi tunaotaja mababu mpaka wa saba tunajiona hodari. Hawa walishikishwa unywele wa babu wa miaka 4,000.

Kampuni ya Rio Tinto ilipewa kibali mwaka 2013. Mwaka 2014, wachimbuaji walipogundua umri na thamani halisi ya mahali, sheria haikuwa na njia ya kumrudisha waziri kwenye saini yake. Baruti ikawashwa. Kilichotafutwa ni tani milioni 8 za madini, zenye thamani ya dola za Australia zipatazo milioni 135. Uchunguzi wa bunge ulibaini kwamba kampuni ilikuwa na mipango mingine ya kuchimba ambayo ingeyaepuka mapango yale, na wenyeji hawakuambiwa. Mkurugenzi mkuu na wakubwa wengine wawili walilazimika kuondoka. Lakini kibali kilikuwa halali. Hakuna sheria ya jimbo iliyovunjwa.

Hapo, msikilizaji, ndipo swali la unga linapopata jibu lake la kwanza. Rio Tinto haikuwa na njaa. Australia haikuwa na njaa. Hakuna mtoto ambaye angelala bila kula kama mapango yale yangebaki. Mara nyingi anayesema "tuchague mawe au mkate" amekwisha shiba, na anaitumia njaa ya mwingine kama kibali.

Tusiwaonee hata hivyo. Gesi ya Murujuga imeajiri watu wengi, wakiwemo baadhi ya Waaborijini wenyewe, na imejaza hazina. Wala wenyeji hawana kauli moja. Mwaka 2003 jamii zao zilitia saini makubaliano na serikali ya jimbo: sehemu ya rasi ikawa ya viwanda, sehemu nyingine wakarudishiwa hati, nao wakakubali kutozuia miradi katika eneo la viwanda. Sehemu yao ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, wakiiendesha pamoja na serikali. Shirika lao linasema afadhali kukaa mezani kuliko kusimama nje ya uzio. Wengine wanasema saini ile ilitolewa na watu waliobanwa. Mwanamke mmoja wa Kimardudhunera, Raelene Cooper, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa shirika hilo hilo, alikwenda mahakamani mwaka 2023, na mahakama ya shirikisho ikatengua kibali cha kampuni ya gesi ya Woodside cha kupima sakafu ya bahari kwa milipuko ya hewa, kwa sababu hakushauriwa inavyotakiwa. Hakushinda kwa kuthibitisha kwamba mawe ni mazuri. Alishinda kwa kuthibitisha kwamba mawe yana wenyewe, na wenyewe hawakuulizwa.

Sasa turudi kwenye ile ngozi ya jiwe niliyoomba muikumbuke. Moshi wa mitambo ya gesi na mbolea una hewa za nitrojeni. Hewa hizo zikikutana na umande hugeuka asidi, na asidi huyayusha manganizi na chuma. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Mei 2025 ilionyesha kwamba baadhi ya mawe yaliyo karibu na viwanda yana vitundu zaidi ya yale ya mbali. Serikali ya jimbo ikasema huo ni uchafu wa miaka ya 1970 na 1980. Baadhi ya wanasayansi wakapinga tafsiri hiyo. Mwezi huo huo serikali ya shirikisho ikatoa idhini ya awali kwa mtambo wa gesi kuendelea mpaka mwaka 2070. Mwezi Julai 2025, mjini Paris, Murujuga ikaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na wazee wake wakiwa ukumbini. Mwezi Septemba idhini ya mwisho ya mtambo ikatolewa, pamoja na masharti 48. Nchi ile imeshika cheti kwa mkono mmoja na bomba la moshi kwa mkono wa pili, na inaahidi kwamba havitagusana.

Na sheria je? Baada ya Juukan jimbo lilipitisha sheria mpya, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2023. Wakulima na wenye mashamba wakapiga kelele, na baada ya wiki tano tu serikali ikatangaza kuifuta. Ikarudishwa ile ya mwaka 1972, ikiwa na marekebisho: sasa wenyeji wenye haki ya ardhi wanaweza kuomba uamuzi wa waziri uangaliwe upya, na mwenye kibali akipata habari mpya lazima aitoe. Marekebisho hayo ni madogo. Lakini kama yangekuwepo mwaka 2014, huenda mapango ya Juukan yangekuwa yamesimama.

Haya hayako mbali nasi kama unavyodhani. Orodha hiyo hiyo ya Urithi wa Dunia ina michoro yetu ya Kondoa, iliyoingizwa mwaka 2006. Ya kwetu ni ya kupaka rangi, si ya kuchonga, lakini shida yake ni ile ile. Sheria yetu ya mambo ya kale ni ya mwaka 1964, na kabla yake kulikuwa na ya mkoloni ya mwaka 1937. Pamoja na hayo, watu wamechimba sakafu za mapango ya Kondoa wakitafuta mali inayosemekana ilifichwa na Wajerumani. Na pale Mungomi wa Kolo, Warangi wamekuwa wakienda kuomba mvua na tiba, na pombe ya tambiko hurushwa ukutani penye michoro. Mtaalamu anaogopa rangi itafutika, na ana haki. Mzee naye anauliza: mimi ndiye ninayekuja hapa tangu babu, leo nimekuwaje mhalifu? Naye ana haki. Ukimfukuza mzee huyo ili kulinda ukuta, utabaki na ukuta usio na mlinzi, na usiku mwenye sururu ya kutafuta mali ya Wajerumani atakuta hakuna wa kumwuliza anafanya nini. La busara ni kukaa na mzee, mkubaliane tambiko lifanyike wapi na vipi, kisha umpe yeye kazi ya kulinda.

Basi, je, mawe yatatulisha? Kwa mtalii na kiingilio, labda kidogo. Mimi sitakudanganya kwamba mchoro wa kasa utashusha bei ya unga. Lakini mtu aliyesahauliwa kwamba ni mwenyewe hanyang'anywi mawe tu. Leo atanyang'anywa mawe, kesho kisima, keshokutwa shamba analolimia huo unga, na kila mara kutakuwa na karatasi iliyosainiwa inayosema ni halali. Wayaburara walipoteza vyote viwili, mawe na chakula, na vilichukuliwa na mkono mmoja.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji utakapoitishwa, au mtaa wako utakapoambiwa kwamba mradi unakuja na kaburi la kale au gofu fulani litapisha, usianze kwa kuuliza thamani yake ni shilingi ngapi. Uliza nani ameulizwa. Uliza kama aliyeulizwa alikuwa na uwezo wa kusema hapana. Ukijibiwa kwamba waziri amekwisha saini, mkumbuke waziri wa Australia Magharibi na kibali chake cha mwaka 2013.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.